Jinsi ya kutumia ishara kwenye hadithi yako, kuanzia drafti ya kwanza mpaka kwa msomaji (mwongozo kamili)

Sisi tuliopita kwenye fasihi ya sekondari tulifundishwa kutafuta ishara kwenye kitabu cha mtu mwingine. Swali linakuja "jadili", unaandika bundi ni kifo, giza ni ujinga, jembe ni mkulima, unachukua maksi zako unaondoka, na hakuna siku mtu aliuliza mwandishi aliifikiaje hiyo ishara. Kwaiyo tukianza kuandika wenyewe tunaanzia mwisho, mtu anachagua maana kwanza, tuseme ukandamizaji, alafu anazunguka kutafuta kitu cha kuibandikia, ndo unakuta hadithi ambayo mwewe anapita juu ya mtaa kila tajiri akitajwa. Msomaji sio mjinga, mwewe wa pili tu ashajua, wa tatu anaruka aya.

Mi msimamo wangu ni mmoja na mwongozo wote umesimama hapo: kitu kianze na kazi. Kazi ya kawaida kabisa, kuwasha taa, kufunika mtoto, kufunga mlango, na watu wa kwenye hadithi wakihitaji kwa ajili ya hiyo kazi, sio kwa sababu mwandishi ana ujumbe. Maana itakuja. Na kipimo chake ni chepesi, kiondoe hicho kitu kwenye hadithi uone, hadithi ikiendelea kama hamna kilichotokea basi lilikuwa pambo tu.

Hatua ya 1: Drafti ya kwanza usiwaze ishara

Andika stori, nani anataka nini, nani anamzuia, inaishaje. Kama unaandikia kwenye simu ndani ya daladala ni sawa tu. Ukiwaza ishara mapema hivi utaanza kuwalazimisha watu wako wapite mahali ambapo hawana sababu ya kupita.

(Kama unarusha hadithi kwa vipande kwenye WhatsApp au Facebook, hatua hii kwako ina shida yake, nimeiwekea sehemu yake huko chini.)

Hatua ya 2: Rudi na kalamu, saka vitu

Soma drafti yako ukipigia mstari kila kitu kinachoshikika. Sio hisia, sio mawazo, vitu. Ndoo, funguo, pazia, mtungi wa gesi, laini ya simu, godoro, kitambulisho. Utashangaa maana kuna kitu kitakuwa kimejirudia bila we kukiita, na hicho ndo cha kuanzia, kichwa chako kilishakichagua kabla yako.

Kama viko vingi, mi naangalia kwanza kinachopita kwenye mikono ya zaidi ya mtu mmoja, kwa sababu kitu kinachoshikwa na wawili tayari kimebeba uhusiano wao. Alafu naangalia kinachobadilika hali: kinaisha, kinajaa, kinachakaa, kinakatika, kinapotea. Picha ukutani ni ngumu kuitumia kwa sababu imekaa tu, wakati mtungi wa gesi una uhai wake, upo siku unaisha ugali ukiwa nusu.

Chagua kimoja. Hadithi fupi haihitaji zaidi ya ishara moja kuu, ukiweka nne zinakuwa kama abiria wa Mbagala saa 12 jioni, kila mmoja anamkanyaga mwenzake.

Hatua ya 3: Kichunguze kitu chenyewe mpaka ukijue

Hapa ndo watu wengi wanapita haraka na hapa ndo utajiri wote ulipo, kwaiyo nitakaa kidogo. Nitatumia mfano wa luku, ile mita ya umeme, maana kila mtu hapa Dar anaijua, mwenye nyumba na mpangaji.

Tuseme una hadithi ya Rehema na Idi. Wamepanga chumba na sebule Mwananyamala, wana luku yao peke yao. Idi anapata kazi mgodini Geita, anaondoka, pesa inakuja, baadae inapungua, baadae kimya. Stori ya kawaida, imeandikwa mara elfu. Kwenye drafti yako luku imetajwa mara mbili kwa bahati tu. Sasa chukua karatasi, andika kila unachokijua kuhusu luku, vitu vya kweli tu, maana yake achana nayo kwanza:

Unalipa kabla, sio baada. Tokeni, zile namba unazotumiwa ukishalipa ili uziingize kwenye mita, ina tarakimu 20, na meseji ikija watu wanasoma nne nne ili wasipotee. Ukikosea tarakimu moja inakataa. Tokeni ikishatumika haitumiki tena. Yuniti zikikaribia kuisha mita inaanza kulia, na ule mlio ukiwa umelala unausikia mpaka kwenye meno. Mtu anaweza kukununulia akiwa mkoa mwingine, anachohitaji ni namba ya mita tu. Na tokeni ni ya mita moja, ile uliyonunulia namba yake, ukiipeleka kwenye mita ya jirani haiingii.

Soma tena sifa mbili za mwisho. Mtu anaweza kukuwashia taa akiwa mbali, ila anawasha nyumba, sio wewe. Ukihama haikufuati. Mi hapo nimeshaona mwisho wa hadithi na sijawaza neno "ishara" hata mara moja, mwisho umetoka kwenye jinsi mita inavyofanya kazi.

Ndo maana nasema usiandike kitu usichokijua. Ukiandika tokeni ya tarakimu 12, msomaji wa Tandika anatoka kwenye hadithi hapo hapo na hiyo maana uliyoijenga anaiacha mlangoni. Na miaka pia uiangalie, hadithi ya 2010 usimpitishe mtu juu ya daraja la Kigamboni kwa sababu lilifunguliwa 2016. Lakini angalia hiyo tarehe inakupa nini: kabla ya 2016 mtu wa Kigamboni pantoni likigoma ilibidi azunguke Kongowe huko, kwaiyo pantoni lilikuwa limeshika maisha ya watu kweli, mtu akikosa la mwisho amekosa. Baada ya daraja, kupanda pantoni ni kuchagua. Maji yale yale, chombo kile kile, ila ukikiweka kwenye hadithi za miaka miwili tofauti kinabeba vitu viwili tofauti.

Hatua ya 4: Panga mara zitakazoonekana, na kila mara kitu kibadilike

Kwa hadithi ya maneno 2000 mpaka 5000 mara tatu au nne zinatosha. Kitu kikitokea mara moja ni kitu tu. Mara ya pili msomaji anakikumbuka. Kuanzia ya tatu anaanza kukisubiri, na hapo ndo una nguvu juu yake. Ila kila kinaporudi lazima kitu kimoja kiwe tofauti, aidha anayekishika, au hali yake, au anayekitazama. Kikirudi vile vile hujasogea.

Kwa Rehema na Idi mi ningeenda hivi.

Mara ya kwanza, Idi bado yupo. Ameshika simu anasoma tarakimu, Rehema amesimama kwenye stuli anabonyeza. Nne, wanapumua, nne nyingine. Anakosea, wanacheka, wanaanza upya. Hapo msomaji hajui kama ameonyeshwa kitu, anaona wanandoa wanaweka umeme, basi.

Mara ya pili Idi yuko Geita. Meseji imeingia, tarakimu tu, hamna salamu. Rehema anapanda kwenye stuli na simu mkono mmoja, anajisomea kwa sauti, nne nne, japo hamna wa kumsikiliza.

Mara ya tatu mita inalia usiku. Mtoto anauliza, mama mbona inalia. Rehema anaamka anaongeza sauti ya redio.

Mara ya nne Rehema ameshahama, yuko Chanika kwenye chumba cha bei nafuu, anauza chapati, ana luku ya kuchangia na wapangaji wengine. Simu inalia saa 4 usiku. Meseji ya Idi, tarakimu 20. Za mita ya Mwananyamala.

Hapo unaishia. Unaweza ukamfanya Rehema azisome nne nne kimoyomoyo au usimfanye afanye chochote, ila usiongeze sentensi ya kueleza kwamba mapenzi ya Idi yalikuwa ya nyumba na sio ya mtu. Msomaji ashafika mwenyewe, na alivyofika mwenyewe ndo maana kamuuma.

Hiyo luku ya kuchangia nimeipita haraka ila jamani ile ni hadithi nyingine nzima, wapangaji sita mita moja, mmoja ana friji, mmoja ana taa tu lakini anachangia sawa na wenzake, mmoja anapika kwa jiko la umeme usiku watu wakilala. Anayetaka kuandika kuhusu nchi na asiandike kuhusu nchi aanzie hapo.

Hatua ya 5: Angalia mzigo ambao msomaji wako anakuja nao

Kuna vitu vina maana tayari kabla hujafungua mdomo. Nyekundu kwa msomaji wa Ulaya unaweza kusema ni mapenzi. Kwa mtu wa Kariakoo nyekundu ni Simba kabla haijawa kitu kingine chochote, na kijani na njano ni Yanga, au ni chama, inategemea msimu. Mvalishe mhusika wako shati la kijani na kofia ya njano uone kama kuna msomaji ataamini ulikuwa unamaanisha shamba na jua. Nyeupe ni shela la bibi harusi, ni kanzu ya Ijumaa, na ni sanda, na hiyo ni nzuri kwako, kitu chenye maana zinazovutana ni kizuri kuliko chenye maana moja.

Mvua hivyo hivyo. Tumezoea kusoma mvua ikinyesha mtu akilia. Lakini masika ya Dar, Machi mpaka Mei, mvua maana yake bonde la Msimbazi linajaa, Jangwani hapapitiki, mwendokasi imesimama, na kuna mtu Kigogo anapandisha godoro juu ya kabati. Mtu huyo huyo ana mama yake Dodoma anayeomba hiyo mvua usiku na mchana. Wapigiane simu siku hiyo. Humo kwenye hiyo simu kuna ishara nzuri kuliko machozi yote ya dirishani, na theluji na majani ya kupukutika tuwaachie wenye nayo.

Bundi mpumzishe, amefanya kazi sana. Kama unataka ndege wa Dar kabisa, yupo kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu wanaotuibia sabuni na samaki asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakitarajiwa kusaidia kula uchafu, wakazaana wakavuka mpaka bara, wakafukuza ndege wengine, na leo mji wao. Mgeni aliyeletwa kusaidia akaishia kumiliki. Unaona nimekupa ukweli tu na tayari unafikiria mhusika fulani, labda mjomba aliyekuja kukaa wiki mbili, labda kampuni. Ila angalia, usimwambie msomaji historia ya kunguru ndani ya hadithi, mwonyeshe kunguru anachukua sabuni na mjomba anauliza kuna chai.

Alafu kuna ile X nyekundu inayopakwa kwenye ukuta wa nyumba iliyo kwenye hifadhi ya barabara. Hiyo ni hatari kuitumia kwa sababu inasema yenyewe kwa sauti kubwa, mtu wa Kimara aliyeona nyumba zikivunjwa 2017 hahitaji ufafanuzi wako. Dawa ya ishara yenye sauti kubwa ni kuipa kazi ndogo ya kila siku. Watu wanaishi na X miaka, wanaizoea. Watoto wanaifanya shabaha ya mpira. Mama anaegesha baiskeli hapo. Fundi rangi anaulizwa kama na hapo apake, na baba anachelewa kujibu.

Khanga ina sheria zake

Nimeitoa peke yake kwa sababu kila mwandishi wa Pwani atafika kwenye khanga, na wengi wanaitumia vibaya. Khanga inaongea tayari, ina maandishi, ndo tunayoita jina lake. Mama mkwe akimletea mke wa mwanae khanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", mtaa mzima ushasoma, hamna cha kufichua. Ukifanya ile khanga iseme hasa kile ambacho hadithi inasema umemwekea msomaji kibao cha barabarani.

Kuna njia za kutoka. Moja ni kuacha maneno na kutumia mwili wa khanga, inauzwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, unakata unapiga pindo. Doti ambayo haijakatwa imekaa sandukuni miaka saba inasema mengi kuliko jina lake. Marafiki wawili waligawana doti, mmoja wao kafa, huyu mwingine anafanya nini na kipande kilichobaki, anakivaa msibani, anambebea mtoto mgongoni, anakifanya tambara la kudekia baada ya kugundua jambo fulani? Njia nyingine ni kuchelewesha maneno, khanga inaonekana mara tatu imekunjwa, imefungwa kiunoni maandishi ndani, imelowa, na msomaji anasoma jina lake mara ya mwisho tu. Na nyingine ni mvaaji kutojua kusoma. Hiyo ya mwisho ni chungu sana, ifanye kwa upole.

Hatua ya 6: Majina, haraka haraka

Bwana Tamaa, Mzee Fisadi, mji unaitwa Dhulumapolis. Acha. Tuna majina ya kweli yenye maana ambayo hakuna anayeyashtukia, Tabu, Mashaka, Riziki, Subira, Chausiku, na watu wameyabeba miaka yote bila kuyafikiria. Tumia hayo, na usimfanye mtu yeyote kwenye hadithi aseme "kweli wewe ni Tabu".

Kama unarusha kwa vipande

Hadithi za sehemu ya 1, sehemu ya 2 mpaka ya 60 zina ugumu wake: huwezi kurudi nyuma. Sehemu ya 1 imesharushwa, watu wameshakomenti, huwezi kuingiza luku uliyoikumbuka ukiwa sehemu ya 18. Kwaiyo fanya hivi, kabla ya kuanza kurusha andika walau sehemu kumi ukae nazo, zifanyie hatua ya 2 na ya 3, ndo uanze. Na kwenye sehemu tatu za kwanza mwaga vitu vingi vya kawaida, taja saa ya babu, taja kufuli, taja mwavuli uliokatika mti mmoja, taja tu bila mkazo. Hiyo ni akiba yako, huko mbele utachagua kimoja ukirudishe na wasomaji watadhani ulipanga tangu mwanzo. Waache wadhani.

Tofauti nyingine ni kumbukumbu. Anayesoma kwa wiki nane amesoma na hadithi nyingine nne katikati, kwaiyo mara nne hazitoshi. Kitu kionekane kila baada ya sehemu nne au tano hivi, hata kwa nusu sentensi, asisahau. Na usikiweke pale pa "itaendelea" kila mara, maana pale watu wanasoma haraka wakitafuta nani kafa.

Hatua ya 7: Futa maelezo

Fungua drafti yako, nenda kwenye sehemu ya kutafuta neno, tafuta haya moja moja: "kana kwamba", "kama vile", "ilikuwa ni ishara", "ilimkumbusha", "ni kama maisha yake". Kila linapotokea karibu na kitu chako, soma sentensi bila hilo neno na kila kinacholifuata. Mfano:

"Luku ilizima. Ilikuwa kama vile mapenzi ya Idi yalivyozima moyoni mwake."

Sentensi ya pili inaondoka. Ya kwanza inabaki, na labda unaongeza kitu cha mkono: "Luku ilizima. Rehema akaendelea kukunja nguo gizani." Mtu anayekunja nguo gizani bila kusimama ameshasema.

Kuna wakati utaogopa kwamba bila maelezo hawataelewa. Baadhi hawataelewa kweli, watasoma hadithi ya mwanamke na mume wa mgodini na wataipenda hivyo hivyo, kwa sababu kitu kilikuwa na kazi yake na hadithi inasimama bila ishara. Hao sio wasomaji uliowapoteza.

Hatua ya 8: Mpe mtu asome, alafu uulize vizuri

Usimpe mwandishi mwenzio peke yake, ataanza kutafuta ishara mpaka kwenye nukta. Mpe dada wa saluni, mpe mtu mnayekaa nae kijiweni. Na usiulize "umeielewa ishara?", ukiuliza hivyo atakutajia chochote ili asionekane hajui. Mwambie tu baada ya siku mbili, hebu nisimulie ile hadithi ilikuwaje.

Alafu kaa kimya usikilize. Akikusimulia yote bila kutaja luku hata mara moja, kitu chako hakijakaa, rudi hatua ya 4 uone kama kila kikitokea kinabadilika kweli, au kama kimetajwa juu juu bila mtu kukishika. Akikwambia "hapo luku inamaanisha ndoa" umepiga kelele sana, rudi hatua ya 7. Ila akisema "alafu akatumiwa umeme wa nyumba ya zamani, yule bwana ovyo sana", usiguse chochote, tafuta pa kuichapisha.